Usiifomati Kwanza

Ukichomeka memori kadi kwenye kompyuta ya Windows na kompyuta isiielewe, haikubali kwamba haijaielewa. Inakuambia kadi inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika, halafu inakuwekea kitufe cha kukubali pale ambapo kidole kinafika chenyewe. Kwa maoni yangu ujumbe huo umefuta data nyingi kuliko virusi vyote ninavyovijua kwa jina. Kazi yangu ni vifaa vya kupimia: loga za mvua, mita za maji, visanduku vyenye prosesa ndogo ndani na kadi ya kuhifadhia vipimo. Kadi nyingi zinazoletwa kwangu kama marehemu bado zina kila kitu. Zipo zilizokufa kweli, sibishi. Lakini lipo kundi ambalo kila baiti ipo, nzima kabisa, ila imekaa kwenye nafasi ya jirani yake.

Kadi ninayotaka kuieleza ni CompactFlash ya megabaiti 128, ile kadi nene yenye matundu 50 ambayo SanDisk waliitoa mwaka 1994 na ambayo vijana wa leo wanaitazama kama kaseti. Ilitoka kwenye loga ya mvua huko Kilombero, bodi ya zamani yenye prosesa ya PowerPC. Jamaa anayesimamia vituo vya mvua vya huko aliniletea pamoja na loga yenyewe.

“Kaka, hii imekufa?”

“Kwenye loga inasomeka?”

“Inasomeka freshi. Naona mafaili yote kwenye kile kioo chake kidogo. Laptopu ndiyo inataka kuifomati.”

“Ukaiambiaje?”

“Nikakataa.”

Hapo nikamvutia kiti. Mtu aliyekataa ameshamaliza nusu ya kazi.

Kadi inayosomeka kwenye bodi na kukataliwa kwenye kompyuta haifanani na kadi iliyoungua. Kadi mbovu hukataliwa kote, au husuasua, au hutoa makosa katika sekta hizi, yaani vipande vya baiti 512, na kuziruka zile. Hii ilikuwa na tabia moja tu, na tabia hiyo haikubadilika hata ukiichomoa na kuirudisha mara ngapi. Kasoro yenye msimamo namna hiyo mara nyingi ni ya mpangilio, na mpangilio unaweza kuusoma kwa macho.

Kabla ya macho, nakala. Kwenye Linux unaichomeka kadi rida, unahakikisha hakuna programu iliyojipachikia kadi, yaani kuifungua kama diski bila kuagizwa, kisha unainakili sekta kwa sekta kwa `dd` hadi kwenye faili moja, tuiite kadi.img. Kuanzia hapo kadi halisi inarudi kwenye mfuko wake na haiguswi tena. CompactFlash haina kile kiswichi cha pembeni cha kuzuia kuandika. SD kubwa inacho, ila usikitegemee sana: kile kiswichi hakijaunganishwa na kitu chochote ndani ya kadi, ni kidokezo tu kwa kadi rida, na kadi rida inaweza kukipuuza.

Kisha unatazama mwanzo wa nakala kwa `hexdump -C`, inayochapa kila baiti kama tarakimu mbili za heksa na herufi zake pembeni. Kadi yenye FAT16 (mfumo wa kupanga mafaili) iliyofomatiwa kawaida, bila jedwali la patisheni, yaani orodha ya migawanyo ya kadi, huanza hivi:

eb 3c 90 4d 53 44 4f 53 35 2e 30 00  |.<.MSDOS5.0.|

Ya Kilombero ilianza hivi:

3c eb 4d 90 44 53 53 4f 2e 35 00 30  |<.M.DSSO.5.0|

Itazame taratibu. Herufi zote za MSDOS5.0 zipo. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyoongezeka. Baiti ya kwanza imepishana na ya pili, ya tatu na ya nne, ya tano na ya sita, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa kadi. Mwisho wa sekta hiyo, nafasi ya 510 na 511 ambapo kompyuta hutafuta 55 aa ili iamini kwamba hii ni sekta ya kuwashia, palikuwa na aa 55. Windows ikaona alama si yenyewe, ikahitimisha kwamba kadi ni tupu.

Dawa ya kusoma data ni amri moja: `dd if=kadi.img of=sawa.img conv=swab`. Hiyo swab inabadilishana kila jozi ya baiti, basi. Ukiipachika sawa.img kwa kusoma tu, mafaili yanajipanga mbele yako kwa majina na tarehe. Jamaa alicheka kwa sauti alipoona orodha ya mwaka mzima.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Lakini swali la kwa nini ndilo linaloamua kama wiki ijayo utakuwa unaokoa kadi nyingine.

Kwanza niseme jambo kuhusu zana, kwa sababu nimeona watu wazima wakibishana juu yake. Ukiandika `hexdump` bila ile `-C`, programu haikuonyeshi baiti moja moja. Inazichukua mbili mbili, inazifanya namba ya biti 16 kwa utaratibu wa kompyuta unayotumia, na inakuchapia namba hiyo. Kwenye laptopu ya Intel, kadi iliyo sawa kabisa itaonekana 3ceb 4d90 4453. Yaani hasa kile ambacho kadi iliyopindishwa inaonyesha ukitumia `-C`. Na kadi iliyopindishwa itaonekana eb3c 904d 5344, imenyooka na kupendeza. `od -x` ina tabia hiyohiyo. Wawili wanaweza kutazama faili moja kwenye meza moja, mmoja akaapa iko sawa na mwingine akaapa imepinda, na kila mmoja ana ushahidi wa skrini yake. Kwa hiyo mtu akinitumia picha ya heksa, swali langu la kwanza ni amri gani imeichapa.

Sasa sababu. Prosesa zinatofautiana jinsi zinavyoweka namba ndefu kwenye kumbukumbu. Intel na ndugu zake wanaanza na baiti ndogo, ile yenye tarakimu za chini za namba. PowerPC kwa kawaida, Motorola 68000 na MIPS nyingi za kwenye ruta wanaanza na baiti kubwa. ARM inaweza zote mbili, ingawa siku hizi karibu kila mahali inaendeshwa ndogo-kwanza. Mwanasayansi wa kompyuta Danny Cohen aliandika mwaka 1980 akiwasihi wahandisi wachague upande mmoja, wowote ule, ili ugomvi uishe. Haukuisha.

Lakini utaratibu wa prosesa peke yake hauwezi kupindisha herufi za MSDOS. Herufi ni baiti moja moja, na baiti moja haina mkubwa wala mdogo. Ili herufi zipishane, lazima mahali fulani baiti mbili zilisafiri pamoja kama namba moja. Kwenye CompactFlash mahali hapo ni njia ya data yenye waya 16. Kadi hiyo, ikiwashwa katika hali ya IDE (njia ya kuunganisha diski za zamani), inajifanya diski ndogo: baiti ya kwanza ya kila jozi inapita kwenye waya D0 hadi D7, ya pili kwenye D8 hadi D15. Prosesa ya kubwa-kwanza inatarajia kinyume chake, kwamba baiti ya anwani ya kwanza itoke upande wa juu wa namba. Mchora bodi akiunganisha upande wa chini kwa upande wa chini na wa juu kwa wa juu, namba zinafika salama na maandishi yanafika yamepishana. Akizigeuza waya nane nane, maandishi yanafika salama, na rejista za amri za kadi, yaani vijisanduku vyake vya kupokelea amri, ambazo zina biti nane tu, zinahamia upande mwingine. Kila njia ina gharama yake, na zote mbili zipo kwenye bodi zinazouzwa.

Kwa PowerPC kuna mtego wa ziada ambao nadhani umewatoa jasho wengi kuliko wanavyosema: kwenye vitabu vya PowerPC, D0 ni biti *kubwa* kuliko zote. Mchoraji anayefuata majina, D0 kwa D0, anakuwa amegeuza kila kitu juu chini, hadi biti zenyewe.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba kadi inaonekana inafanya kazi. Loga inaitambua. Inaipa amri, nayo inajibu. Hali hiyo inatokana na zile rejista za biti nane, ambazo hazina jozi ya kupishana nayo. Kinachopindika ni data tu. Na kuna lingine la kuchekesha zaidi: ukiiuliza kadi jina lake kwa amri ya utambulisho, ec, kanuni za ATA, zile zinazoongoza diski za IDE, zinataka herufi ya kwanza ya jina ikae kwenye nusu ya *juu* ya kila namba ya biti 16. Maana yake kwenye kompyuta iliyo sawa kabisa, ukitazama baiti mbichi za jibu, herufi sita za mwanzo za SanDisk zinasomeka aSDnsi, na draiva, programu inayozungumza na kadi, ndiyo inayozinyoosha. Kwenye bodi iliyopindika jina linatoka limenyooka lenyewe. Mtu anayejaribu bodi mpya anachapa jina la kadi, analiona zuri, anasema njia ya data iko salama, anaendelea na mambo mengine. Jina la kadi ni shahidi wa uongo. Sekta ya sifuri ndiyo ya kuuliza.

Halafu loga inaiandika kadi kwa njia ileile iliyopinda na kuisoma kwa njia ileile. Mara mbili kupinda ni kunyooka. Fundi anafomati ndani ya loga, anahifadhi faili, analifungua, anazima umeme, anawasha, faili lipo. Majaribio yote yanafaulu. Kasoro inasubiri hadi siku kadi itakapotolewa na kupelekwa kwenye mashine nyingine, na siku hiyo lawama inaangukia kadi, au laptopu, au aliyeichomoa vibaya. Mimi siku hizi bodi yoyote siikubali mpaka isome kadi iliyoandikwa kwenye kompyuta, na kompyuta isome kadi iliyoandikwa kwenye bodi.

Si kila fujo ni ya jozi. Vidhibiti vya SD kwenye prosesa nyingi vinapokea data kupitia rejista ya biti 32, na hapo baiti zinageuka nne nne. Mwanzo uleule ungeonekana hivi:

4d 90 3c eb 53 4f 44 53 00 30 2e 35  |M.<.SODS.0.5|

Alama ya 55 aa nayo inahama kutoka nafasi ya 510 na kutokea 508, ikiwa aa 55. Ukiona SODS usitumie swab, utazidi kuvuruga. Hapo unageuza makundi ya nne. Mistari kumi ya Python inatosha.

Na ukiona MSDOS5.0 imenyooka vizuri lakini kadi bado haisomeki, acha waya, nenda kwenye msimbo. Hapo baiti zimefika salama, ila kuna mtu amezisoma namba kwa utaratibu wa prosesa yake. FAT ilizaliwa kwenye dunia ya Intel, na namba zake zote ni ndogo-kwanza, popote kadi itakapokwenda. Ukubwa wa sekta, 512, unaandikwa 00 02. Bodi ya kubwa-kwanza isiyogeuza inasoma 2. Linux ikikutana na hilo inalalamika kwamba ukubwa wa sekta ni wa ajabu na inakutajia hiyo 2, na ukiiona 2 hiyo umeshapata jibu bila kufungua kifuniko.

Namba nyingine hazina ukarimu huo. Chukua patisheni inayoanza sekta ya 63, kama zilivyokuwa zamani. Ikigeuzwa inakuwa 1056964608, yaani zaidi ya gigabaiti 500 ndani ya kadi ambayo haina hata gigabaiti moja. Keneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, inapiga kelele papo hapo. Lakini patisheni za siku hizi huanza 2048. Ikigeuzwa inakuwa 524288, ambayo ni megabaiti 256 kutoka mwanzo. Kwenye kadi ya gigabaiti nane mahali hapo papo! Hakuna kelele. Programu inakwenda pale, inakuta katikati ya faili la mtu, inasema mfumo wa faili haueleweki. Ni sawa na tarehe za Wamarekani: 13/05 utashtuka kwa sababu hakuna mwezi wa 13, lakini 04/05 utaipokea tu, na utafika kwenye miadi siku isiyo yako. Kwa sababu hiyo ninapojaribu bodi mpya nachagua namba zinazopiga kelele zikigeuzwa. Najaza sekta kwa 00 01 02 03 hadi ff na kurudia, nasoma upande wa pili, na mpangilio unajisema wenyewe: 01 00 03 02 ni jozi, 03 02 01 00 ni nne.

Kwenye SD kuna ugonjwa unaofanana na huu bila kuwa huu, na nautaja kwa sababu unakula muda. Amri za SD zina biti 48, na anwani ndani yake inatumwa baiti kubwa ikitangulia, hata kama prosesa yako ni ndogo-kwanza. Ukiigeuza vibaya, unaomba sekta isiyo yako. Ila sekta ya sifuri ikigeuzwa inabaki sifuri. Kwa hiyo sekta ya kwanza inasomeka vizuri kabisa, jedwali la patisheni limenyooka, unafurahi, halafu kila kinachofuata ni takataka. Dalili hizohizo zinatokea ukisahau kwamba kadi za zamani, zile za hadi gigabaiti mbili, zinaomba anwani kwa baiti, na SDHC (kadi za SD kubwa kuliko hizo) na kuendelea zinaomba kwa sekta za 512. Tofauti yake ni ndogo kuitafuta: omba sekta ya 1. Kwenye SDHC, ukipata kilichopo kwenye sekta ya 512, umezidisha kwa 512 bure. Ukipata kosa la anwani kuwa nje ya kadi, shuku mpangilio, maana 1 iliyogeuzwa ni 16777216, na hapo ni gigabaiti nane kamili. Kwenye kadi kubwa kuliko hiyo, haya, hutapata kosa. Utapata chochote kilicholala hapo.

Turudi Kilombero. Kurekebisha loga yenyewe kungekuwa kugeuza jozi mahali pamoja tu, kwenye kile kipande cha draiva kinachochota data, na si kwenye rejista, wala si kwenye mfumo wa faili. Nimeshaona programu ambayo mtu aliongeza kugeuza kwenye FAT, mwingine akaongeza kwenye draiva, wa tatu akaondoa moja bila kujua ya nani, na bodi ikawa inafanya kazi kwa kadi za aina moja na kukataa nyingine. Idadi ya kugeuza ikiwa shufwa, mambo yanaonekana sawa, na hakuna anayejua kwa nini.

Hata hivyo nilimshauri jamaa asiiguse programu ya loga. Sababu ni ya kawaida tu: ukiinyoosha draiva, kadi zote zilizokwisha kuandikwa kwa njia ya zamani zinageuka kuwa zisizosomeka kwenye loga hizo, na loga zenyewe zimetawanyika kwenye mashamba ambayo wakati wa masika hayafikiki kwa gari. Ungekuwa na nusu ya vituo vilivyonyooka na nusu vilivyopinda, na kadi zinazozunguka kati yake, na zote kwa nje zinafanana. Kheri mpindo wa aina moja unaojulikana. Nikamwandikia programu ndogo kwenye laptopu yake: inanakili kadi, inatazama mwanzo, ikikuta DSSO inageuza jozi, ikikuta MSDOS inaacha, ikikuta kitu kingine inakataa na kumwambia anipigie.

Akapiga. Si kwa sababu ya kadi.

“Kaka, mafaili yanafunguka, lakini hii mvua siielewi. Dakika kumi, milimita 256?”

Kila rekodi ya loga ilikuwa na wakati wa biti 32 (sekunde tangu mwanzo wa 1970) na idadi ya mipigo ya kikombe cha mvua kinachopinduka kikijaa, biti 16, kila mpigo milimita 0.2. Aliyeandika programu ya loga alimwaga rekodi kutoka kwenye kumbukumbu ya PowerPC moja kwa moja hadi kwenye faili. Mipigo mitano, 00 05, laptopu ikaisoma 1280, na 1280 kwa 0.2 ndiyo hiyo 256. Wakati nao ulikuwa vilevile: 5e 0b e1 00, ambayo ni mwanzo wa tarehe 1 Januari 2020 kwa saa za UTC, laptopu ikaiona kama tarehe 20 Juni 1970.

Alikuwa ameshajaribu kulipitisha faili kwenye swab tena, akidhani kama ilisaidia mara ya kwanza itasaidia ya pili. Mvua ikawa milimita 1, safi. Tarehe ndizo zikaharibika kwa namna mpya, kwa sababu namba ya baiti nne ikigeuzwa jozi jozi haiwi ya Intel wala ya PowerPC. Inakuwa 0b 5e 00 e1, mpangilio wa katikati ambao PDP-11, kompyuta ya zamani, iliwahi kuutumia kweli na ambao hakuna aliyeulilia ulipoondoka. Hili la rekodi halina uhusiano wowote na waya za kadi. Ni tabaka lingine, kasoro nyingine, na kwenye Python dawa yake ni alama moja ya kusema namba ni kubwa-kwanza: '>IH' badala ya '<IH'.

Nilimtumia mstari huo kwa WhatsApp. Akajibu kwamba sasa mvua za kituo cha mtoni zinalingana na daftari la mlinzi, isipokuwa juma moja ambalo mlinzi aliandika sifuri kila siku na loga ikaandika mvua kubwa. Hilo nikamwambia amuulize mlinzi.